Willy Gamba na majasusi wenzake: maswali ninayoulizwa kila wiki kwenye meza yangu ya vitabu Arusha

Nauza vitabu vilivyokwisha kusomwa, hapa Arusha, kwenye meza isiyo mbali na Soko Kuu. Wateja wangu wengi hutafuta vitabu vya shule vya watoto wao. Lakini haipiti wiki bila mtu kuinama, kupekua rundo la chini, kisha kuniuliza kwa sauti ya chini kidogo: "Willy Gamba hujampata?" Likishatoka hilo, mengine hufuatana. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu ninayotoa.

Willy Gamba ni nani hasa?

Ni mpelelezi wa kubuni, Mtanzania, kazi ya mkono wa Elvis Musiba, mtu ambaye pia alikuwa mfanyabiashara na aliwahi kuwa rais wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Tulikutana na Willy kwa mara ya kwanza mwaka 1974, katika *Kufa na Kupona*. Mwaka 1979 kikaja *Kikosi cha Kisasi*, na baadaye *Njama*, *Hofu*, *Kikomo* na *Uchu*. Anapokea amri kutoka kwa mkubwa wake anayeitwa Chifu, anavaa vizuri, anaendesha gari kwa kasi, ngumi anazijua na bastola anaijua. Katika kitabu cha kwanza nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, naye anatumwa Nairobi kuzifuata. Katika cha pili yuko Kinshasa, bega kwa bega na wapelelezi wengine wa Kiafrika.

Aliwahi kuwepo mtu wa kweli aliyeitwa hivyo?

Hapana. Naulizwa swali hili na watu wazima wenye mvi, tena wengine hawaridhiki na jibu langu. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe huwezi kujua, hao watu hawasemwi." Namheshimu, lakini Willy ametoka kwenye kalamu.

Ninaelewa kwa nini wanashuku. Kwa miaka mingi mambo ya usalama wa taifa hayakuzungumzwa hadharani hapa kwetu, na sheria mahususi ya kuanzisha idara hiyo ilitungwa mwaka 1996. Kwa msomaji wa miaka ya sabini, hadithi hizi zilikuwa ndiyo dirisha pekee. Ukichungulia dirisha moja kwa miaka ishirini, unayemwona ndani unamzoea kama jirani.

Halafu hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa 1963, makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Namibia na Afrika Kusini walikuwa wakipita mitaa ileile tunayopita tukienda mjini. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililotumwa kama kifurushi. Bomu hilo lilikuwa limefichwa ndani ya kitabu.

Mimi nashika vitabu kutwa nzima. Kila nikilikumbuka hilo, mikono hupata baridi.

Kwa nini watu bado wanamtafuta, na miaka hamsini imepita?

Hili ndilo ninalopenda kulijibu, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi hujibu haraka: kwa sababu ya ngumi, magari na wasichana. Hayo yapo. Lakini hadithi zenye ngumi na magari zilikuwa tele, nyingi zimekufa na hakuna anayeziulizia. Mimi naamini shujaa wa kijasusi hudumu pale anapobeba hofu ambayo watu wake wanayo kweli, hofu wasiyokuwa na mahali pengine pa kuitua. Akiibeba hiyo, atasamehewa mengine yote.

Jiweke mahali pa msomaji wa 1974. Ng'ambo ya mto Ruvuma kuna vita, Mreno bado yupo Msumbiji. Redio inakuambia nchi yako ni mstari wa mbele. Umechangia kwa jasho na kwa senti, umeimba nyimbo za ukombozi shuleni, lakini huyo adui hujamwona. Hujui anaingiaje, anakaa hoteli gani, anamlipa nani. Unasikia kwamba mtu amefungua kifurushi akafa. Hofu ya namna hiyo haina sura. Akaja Willy Gamba akaipa sura: adui ana jina, ana chumba, ana tiketi ya ndege, na yupo mtu wako anayemfuata nyuma hatua kwa hatua. Tena anamfuata kwa Kiswahili.

Hilo la Kiswahili si dogo. Msomaji aliyezoea kuona mambo makubwa ya dunia yakipangwa kwa Kiingereza alifungua kitabu akakuta amri inatolewa kwa lugha ya nyumbani kwake, mtego unategwa kwa lugha hiyo, na adui anahojiwa kwa lugha hiyohiyo. Mteja wangu mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliniambia alisoma *Kikosi cha Kisasi* akiwa njiani, taa ya ndani ya lori ikiwaka, na kwamba usiku ule alijiona yeye naye yumo kikosini. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nilikuwa nabeba mzigo nisioruhusiwa kuuliza ni wa nani." Sikumwongezea swali.

Si ni James Bond tu aliyefundishwa Kiswahili?

Undugu upo, na sioni sababu ya kuuficha. Ian Fleming, aliyekuwa kwenye ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitoa kitabu cha kwanza cha Bond mwaka 1953. Aliviandika vitabu vyake nyumbani kwake Jamaica, na jina la shujaa akalichukua kwa mtaalamu mmoja wa ndege wa visiwa vile, kwa sababu alitaka jina la kawaida kabisa. Fleming alifariki 1964. Filamu ya kwanza ilitoka 1962, na kufikia 2021 mfululizo ule rasmi ulikuwa umefikisha filamu 25 na waigizaji sita waliopokezana nafasi hiyo. Vijana wa mijini Afrika Mashariki walizitazama hizo filamu, na Musiba aliandikia watu waliokuwa wameshaonja ladha hiyo. Suti, gari, glasi, mkubwa anayepiga simu usiku: vyote vimetoka huko.

Lakini tazama kila mmoja anailinda nini. Bond alizaliwa katika nchi iliyokuwa inapoteza himaya yake. India ilikuwa imeshaondoka 1947, na mwaka 1956 Uingereza ikafedheheka kwenye mfereji wa Suez. Filamu ya kwanza ilipoonyeshwa London Oktoba 1962, Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru wake. Mwingereza aliyeketi pale gizani alikuwa anaambiwa: usihuzunike, bado yupo mtu wetu mmoja anayeweza kuiokoa dunia. Anafarijiwa kwa kilichokwenda.

Willy analinda kilichokuwa kinakuja. Yeye ni kijana wa nchi changa, anapigania jirani ambaye bado hajawa huru. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, Angola Novemba mwaka huohuo, Zimbabwe 1980, Namibia 1990. Msomaji aliyenunua kitabu cha kwanza kikiwa kipya aliziona ndoto za kitabu zikitimia moja moja kwenye taarifa ya habari. Sijui shujaa mwingine wa hadithi za kijasusi aliyepewa bahati hiyo.

Kwa hiyo nguo ni za Bond. Moyo ni wa hapa.

Jasusi, mpelelezi, kachero, shushushu: ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mitaani tunavichanganya. Mpelelezi ni yeyote anayepeleleza, awe wa polisi, wa serikali au wa kujitegemea, ndiyo maana neno hili hubeba hadithi za kila aina. Kachero kwa kawaida ni wa polisi, yule anayechunguza wizi na mauaji. Askari kanzu ni polisi asiyevaa sare. Jasusi, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, ni mtu wa siri za nchi na nchi. Mara nyingi jasusi ni wa adui. Wa kwetu tunampa jina la heshima, tunamwita mpelelezi. Angalieni wenyewe, hata kwenye majalada ya vitabu.

Shushushu ni neno la mtaani, na lina woga ndani yake. Huyo ndiye anayekaa kijiweni anakunywa kahawa anasikiliza. Hakuna mtoto anayecheza mchezo wa kuwa shushushu. Watoto wanacheza kuwa Willy. Kazi ni karibu ileile, lakini mmoja anasikiliza majirani zake na mwingine anamfuata anayetaka kuwadhuru majirani zake. Wasomaji wanaijua tofauti hiyo hata kama hawajawahi kuisema.

Bwana Msa na Joram Kiango nao ni wa kundi hili?

Ni ndugu, matawi tofauti. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ndiye mkubwa wao. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 ikachapwa 1960. Bwana Msa ni mtu wa Unguja, ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na silaha yake ni kufikiri. Hakimbizani na mtu juu ya mapaa. Anayependa fumbo kuliko mbio nampa huyo, na harudi kulalamika.

Joram Kiango wa Ben Mtobwa amekaa katikati. Hana bosi kama Chifu, anajiendea mwenyewe, na pembeni yake yupo Nuru, ambaye si pambo la hadithi. Wateja wangu wamegawanyika juu ya hao wawili, Willy na Joram, kama watu wa Simba na Yanga. Mimi moyo wangu uko kwa Willy kwa sababu ya zile nchi alizozipigania, lakini Mtobwa alijua kuijenga sentensi vizuri zaidi, na nimeshalisema hilo mbele ya mashabiki wa Willy wakanuna.

Kuna sababu yoyote ya pekee watu wa Arusha na Moshi kuvipenda?

Ipo, nami nimeisikia kwa wazee. Kutoka hapa kwenda Nairobi unapita Namanga, na kabla ya 1977 watu walikwenda na kurudi: kazini, sokoni, kwa ndugu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, ilipovunjika mwaka huo, mpaka ukafungwa hadi 1983. Miaka sita. Kwa aliyekuwa na dada yake Nairobi, kitabu ambacho shujaa wake anaingia jiji lile kilikuwa na uzito mwingine. Mama mmoja wa Sanawari alinihadithia kwamba mume wake alikuwa akikisoma *Kufa na Kupona* kwa sauti jioni, wote wamekaa jikoni, na kila jina la mtaa wa Nairobi lilipotajwa mmoja wao alisema, "Pale napajua."

Moshi sina hadithi ya namna hiyo, ila wateja wa Moshi hununua wawili wawili, na hata ukiwapunguzia bei hawakubali kirahisi.

Wanawake kwenye hadithi hizi mbona wanaonewa?

Dada aliyeniuliza hili alikuwa mwanafunzi wa chuo, na alikuwa na haki. Katika vitabu vingi vya aina hii, vya Fleming na vya kwetu, mwanamke ni chambo, ni msaliti, au ni zawadi baada ya kazi. Anasifiwa umbo lake kabla hatujajua jina lake. Mimi siuzi vitabu hivi nikisema hilo halipo. Linauma zaidi kwa sababu vita vyenyewe vya ukombozi vilikuwa na wanawake waliobeba silaha, waliobeba barua, waliotunza majeruhi, na mwandishi angeweza kuwatazama hao. Anayetaka kuandika riwaya mpya ya kijasusi leo, mlango huo uko wazi na karibu hakuna aliyeupita.

Mwanangu ana miaka kumi na miwili. Asome?

Mpe Bwana Msa kwanza. Willy angoje miaka minne.

Vijana wanasoma bado, au wamehamia kwenye filamu?

Wanafanya vyote. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kuna riwaya za kijasusi zinazotolewa sehemu kwa sehemu, na nimeona mtu mzima akiganda barabarani, kichwa kwenye simu, kwa sababu sehemu ya arobaini imeingia. Mbinu ya kukatia hadithi pale mlango unapogongwa ni ileile ya magazeti yetu ya zamani.

Halafu kuna vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu. Mwezi uliopita niliingia kimoja pale Unga Limited, nikitafuta kijana anayenidai. Benchi za mbao, mapazia meusi, joto, watoto wamebanana. Kwenye skrini Mzungu mmoja mwenye suti alikuwa anashuka ngazi za hoteli, na sauti ya mtafsiri inasema, "Steringi ameshajua. Anajifanya hajui, lakini ameshajua." Chalii mmoja wa miaka kama kumi hakuwa anamtazama steringi. Alikuwa anautazama mlango ulio nyuma yake, kidole kimenyooshwa, anamnong'oneza mwenzake, "Yule. Yule mwenye trei." Alikuwa amemtambua adui kabla ya mtafsiri kumtaja. Sikupata kijana wangu, lakini nilikaa hadi mwisho.

Steringi hauawi, kila mtoto wa kibandani anajua. Na wanaojua hivyo ndio wanaoshika roho zaidi. Nadhani ni kwa sababu swali lao si kama atapona. Wanataka kuona atatambuaje. Kwenye hadithi ya kijasusi anayekuletea chai anaweza kuwa ndiye, na mtoto anayekulia mtaa wenye watu wengi anafahamu vizuri umuhimu wa kusoma nyuso.

Baada ya 1994 Willy si alikosa adui?

Kweli, Afrika Kusini ilipopiga kura Aprili 1994 kazi ya Kamati ya Ukombozi ilikwisha, ikafungwa mwaka huohuo. Bond naye, baada ya filamu ya 1989, alikaa kimya hadi 1995; kimya hicho kilitokana na kesi za mahakamani, lakini ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka na watu wakawa wanauliza kama bado ana kazi. Alirudi, akapata adui wapya. Wa kwetu walipata shida zaidi. Mkaburu alikuwa adui aliyetuunganisha sote, na fisadi wa nyumbani hatuunganishi kwa namna ile, kwa sababu ana shangazi zake kijijini na tunakutana naye msibani. Hadithi ya kumfuata mtu kama huyo ni ngumu kuliko ya kumfuata Mreno. Nangoja wa kuiandika vizuri.

Mbona vitabu hivi ni adimu, na bei zako ziko juu?

Kwa sababu vilisomwa hadi vikaisha. Ninayo hapa nakala moja ya *Njama*. Jalada lake halipo. Mtu alilifunika kwa karatasi ya kaki, akalishona mgongoni kwa uzi mweusi wa viatu. Ndani, kwenye ukurasa wa kwanza, kuna majina kumi na moja, kila moja kwa kalamu yake, kila moja limekatwa mstari isipokuwa la mwisho. Ilikuwa foleni ya kuazimana. Katikati kuna doa la mafuta ya taa, duara kamili, mahali kibatari kilipowekwa. Naulizwa bei yake kila siku. Hiyo siiuzi.

Zingine nauza kwa kadiri ya hali ya kitabu. Nakala za kutolewa fotokopi siweki mezani, hata kama zinaulizwa sana. Kuna familia ya mwandishi nyuma ya kila kitabu.

Nianze na kipi?

*Kufa na Kupona*. Ni kifupi, na ndimo anamozaliwa. Usianze na vya mwisho.

Nina nakala ya marehemu baba, lakini kurasa za mwisho zimechanika. Unaweza kuniambia inaishaje?

Kwa mdomo, hapana. Nimeulizwa hivi mara nne, na mara zote nne nimesema hivyohivyo. Njoo na nakala ya baba. Tutatafuta neno la mwisho lililobaki kwake, tulitafute kwenye nakala yangu, kisha utakaa kwenye benchi langu usome kuanzia hapo. Jumamosi mchana huwa kuna kivuli, na sifungi kabla ya saa kumi na mbili.